Kurasa za Upande wa Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na ninyi mliotoka chuoni mkaketi safu ya pili, familia imenipa mimi, mtoto wa kaka yake, kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu. Tumeyaandika juzi na jana, juu ya meza ya fundi saa mume wake, tukiwa tumesogeza pembeni koleo zake ndogo na saa za watu zinazosubiri kutengenezwa, na tunaomba mtuvumilie, kwa sababu humu yamo mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza, nasi tutayasoma.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshikana ukuta kwa ukuta na karakana ya useremala ya baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, mbele yake akiwepo kaka mmoja tu, ambaye ndiye baba yangu, aliyemtangulia kwa miaka miwili kasoro wiki tatu. Mama yao alikuwa mshonaji, kwa hiyo nyumba ilikuwa na vumbi la mbao upande mmoja na vipande vya nyuzi upande mwingine, na bibi alipenda kusema kwamba binti yake alijifunza kuhesabu kwa misumari ya baba na vifungo vya mama, na kwamba mara mbili alimkuta ameving'oa vifungo vya gauni la mteja ili apate namba isiyogawanyika kwa mbili.

Alianza shule tarehe 6 Januari 1969, siku moja na kaka yake, ambaye alikuwa amechelewa mwaka mzima kwa sababu ya surua, wakakalia dawati moja, darasa moja, na kwa kuwa madaftari ya mwaka ule hayakutosha, mwalimu wa darasa akaamua kwamba watoto wa nyumba moja waandike katika daftari moja. Tunaomba mlishike jambo hili, kwa sababu maisha yake yote yamepita humo. Kaka, kwa ukubwa wake, akachagua kwanza, akachukua kurasa za kulia, zilizokuwa safi, na mdogo mtu akabaki na kurasa za kushoto, ambazo ni mgongo wa zile za kulia, zenye wino wa kaka uliopenya kutoka nyuma, akajifunza kuandika juu ya vivuli vya maneno ya mwenzake. Baba yangu anakumbuka alivyomwambia, "Wewe mdogo, utazoea," naye alizoea.

Walitumia daftari moja kwa miaka saba, hadi Novemba 1975, kaka alipomaliza darasa la saba na kuingia karakana kwa baba yake, na yeye akaendelea na sekondari kuanzia Januari 1976 hadi Novemba 1981, sasa akiwa na daftari lake peke yake, lakini mkono ulikuwa umeshakaa mahali pake, ukaendelea kuandika kushoto. Ukurasa wa kulia aliuacha wazi, kama mtu anayemwekea ndugu yake nafasi kwenye benchi, na baadaye akaufanya uwanja wa kujaribia, wa kukata na kufuta, na mwalimu wake wa hisabati alipomuuliza kwa nini daftari lake limegeuka nyuma mbele, alijibu, "Kulia najaribu, mwalimu, kushoto ndiyo nasema." Mwalimu akacheka, akageuza shingo, akasahihisha kushoto. Hakupungukiwa na kitu. Wino haukumwishia, mkono haukuvunjika, shule haikuanguka.

Tarehe 4 Oktoba 1982 aliingia chuo kikuu kusoma hisabati, na kwa miaka mitatu ya kwanza mitihani ilijibiwa kwenye karatasi moja moja zilizofungwa kwa uzi, karatasi zisizo na kushoto wala kulia, akafaulu zote, na mwezi Julai 1985 akawa miongoni mwa wanne waliochaguliwa kuendelea na mwaka wa umahiri, yaani ule mwaka wa nne ambao wengine wote wakiwa wameshahitimu na kuondoka, wachache hubaki wakisoma hisabati ya ndani kabisa, isiyo na namba nyingi kama watu wanavyodhani, bali maneno, alama, na sababu juu ya sababu. Walikuwa wavulana watatu na yeye, katika chumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja lisilofunguka, wakifundishwa na profesa ambaye wanafunzi walimwita Mzee wa Kanuni, aliyeanza kuandika juu kushoto mwa ubao na kumalizia chini kulia bila kugeuka hata mara moja, kisha akafuta vyote kwa kitambaa kibichi, kitambaa kilekile kwa mwaka mzima, kilichokuwa kikinuka kiasi kwamba shangazi alisema hata alipozeeka, akikutana na harufu ya maji yaliyolala, alikumbuka kwanza kitambaa, ndipo nadharia ikafuata.

Lakini aliupenda mwaka ule. Tuseme hivyo bila kuficha, kwa sababu ukisikia yaliyofuata unaweza kudhani alikuwa mtu wa manung'uniko, naye hakuwa. Alikaa na swali moja wiki tatu, akalala nalo, akaamka nalo, akalipeleka bafuni na sokoni, na kaka yake alipomtembelea chuoni akiwa na vumbi la mbao kichwani, akaona karatasi zimeenea kitandani na sakafuni, akamuuliza, "Sasa mdogo wangu, humu unatafuta nini?" akamjibu, "Natafuta sababu, kaka." "Sababu ya nini?" "Yoyote ile, mradi isivunjike." Baba yangu akasema kwamba hata yeye kila siku anatafuta hiyohiyo, ila ya kwake lazima pia iwe na miguu minne, na wakacheka mpaka wenzake wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Mtihani mkuu wa umahiri ulifanyika Jumatatu, tarehe 16 Juni 1986, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, maswali matano, alama mia, na safari hii walipewa vijitabu vya majibu vilivyoshonwa, ambavyo hawakuwahi kuviona, na juu ya jalada, kwa maandishi madogo chini ya nafasi ya jina, palichapwa kwamba kurasa za kushoto ni za kazi ya rafu na hazitasahihishwa. Hakuyasoma maandishi hayo. Alikiri mwenyewe, mara zote, kwa kila aliyeuliza, kwamba kosa hilo ni lake, kwamba alifungua kijitabu akiwa na njaa ya swali la kwanza kama mtu anavyofungua chungu, na mkono wake ukafanya ulichofanya tangu akiwa na miaka sita na nusu, ukaweka majaribio kulia na majibu kushoto, kurasa kumi na nane, safi, bila kufuta neno. Ni kosa ambalo katika dunia nzima wangeweza kulifanya watoto wa seremala mmoja tu.

Matokeo yalibandikwa tarehe 4 Agosti 1986, na mbele ya namba yake paliandikwa kumi na tisa kwa mia. Alisimama pale ukutani, akahesabu upya kwa kidole kutoka juu ya orodha, akidhani ameruka mstari, kisha akapanda ghorofa ya pili, akamkuta Mzee wa Kanuni akimenya chungwa, maganda yakidondoka juu ya karatasi za matokeo na maji yake yakitiririka hadi kwenye kikuku cha saa, na mazungumzo yaliyopita pale tunayajua neno kwa neno, kwa sababu aliyasimulia nyumbani mara moja, akayaandika, na hakuyabadilisha tena.

Alimwambia, "Mwalimu, majibu yangu yako kushoto." Akajibiwa, "Maelekezo yalikuwa kwenye jalada. Mtu asiyesoma maelekezo atasoma nini?" Akasema, "Ni kweli, nimekosa, nipunguzie, niadhibu utakavyo, lakini soma." Akajibiwa, "Siwezi kusoma, binti yangu." Akauliza, "Huwezi au hutaki?" Mzee wa Kanuni akatema kokwa mkononi, akaitazama, akaitupa dirishani, kumbe dirisha halifunguki, ikagonga kioo ikarudi, akasema, "Toka, nina watu wanasubiri," na nje hapakuwa na mtu.

Ndugu zangu, familia ilijadiliana usiku na mchana kama neno kinyaa linafaa kusomwa mahali hapa, tukakubaliana kwamba linafaa, kwa sababu halipo jingine. Hasira ni ya mtu aliyeonewa na mwenye nguvu, na huzuni ni ya mtu aliyepotelewa, lakini anayekataa kugeuza shingo inchi sita ili asome, akitafuna, na midomo ikilowa, huyo hastahili hasira, huyo unamwangalia kama unavyoangalia nywele kwenye wali.

Alihitimu kwa daraja la kawaida, kama mtu ambaye hakuwahi kuusoma mwaka wa nne. Tarehe hiyohiyo, 4 Agosti, aliandika barua yake ya kwanza kwa Idara ya Hisabati, yenye sentensi mbili, hakuomba shahada, hakuomba alama, aliomba kitu kimoja tu, kwamba mtu yeyote anayejua hisabati asome upande wa kushoto, na kila tarehe 4 Agosti iliyofuata akaandika tena, sentensi zilezile mbili, hadi mwaka jana, barua thelathini na nane kwa jumla. Alijibiwa mara sita. Jibu la mwaka 1986 lilisema kanuni haziruhusu, na la mwaka 1991 likasema kwamba kijitabu chake kimeteketezwa kwa mujibu wa utaratibu wa kutunza nyaraka kwa miaka mitano, hivyo suala limefungwa. Barua hiyo tunayo. Ina mhuri, ina saini, ina kumbukumbu namba.

Tarehe 12 Januari 1987 aliajiriwa kuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya wasichana, akafundisha shule hiyo moja, darasa lilelile lenye paa la bati lililomnyima sauti kila mvua iliponyesha, kwa miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 9 Agosti 2022. Wanafunzi wake walimwita Hivyo Basi, kwa namna alivyomaliza kila hatua kwa maneno hayo mawili na kugonga ubao kwa kifundo cha kidole, na wengi wao wako hapa leo, na mtatusamehe tukiwaambia kwamba mwalimu wenu aliyajua majina yote mliyombandika, likiwemo lile la kidato cha tatu mwaka 2004, ambalo alilicheka kuliko mlivyolicheka ninyi. Alisahihisha madaftari pande zote mbili, kulia na kushoto, hata jalada, hata pale mwanafunzi alipoandika jibu kwenye kiganja akasahau kulinakili, alimwambia, "Leta mkono," akausahihisha mkono.

Tarehe 21 Aprili 1990 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kibanda mkabala na lango la shule, waliyefahamiana baada ya yeye kumpelekea saa ya ukutani ya chumba cha walimu, na fundi alipomwambia itakuwa tayari kama Alhamisi hivi, akamwambia, "Kama na hivi ni vya nini? Ni Alhamisi au si Alhamisi?" Mume wake anasema alijua siku ile kwamba ameisha. Waliishi miaka thelathini na minne, katika nyumba ambayo, kwa maneno ya mume, ilikuwa na wazimu wawili, mmoja wa kuhesabu sekunde na mwingine hajui hata leo alikuwa anahesabu nini, na walijaliwa mtoto mmoja, binti yao, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1993, ambaye sasa ni mpima ardhi, na ambaye ameomba tuseme kwamba hakulazimishwa kusoma hisabati, alilazimishwa kutoa sababu tu, hata ya kutaka chumvi.

Tunafika mahali pa kutapika, mtuwie radhi. Mwaka 1994 Idara ileile ilipungukiwa na walimu, ikamfuata shangazi shuleni, ikamwomba asaidie kufundisha wanafunzi wa mwaka wa umahiri, Jumamosi asubuhi, kwa cheo cha msaidizi wa muda, kwa kuwa, walieleza kwa upole, kanuni haziruhusu mtu asiye na umahiri kuitwa mhadhiri. Alikubali. Ndugu wengine walimfokea, mama yake akamwambia, "Hivi mwanangu huna hata chembe ya maringo?" naye akajibu kwamba watoto hawakutema kokwa. Akafundisha miaka ishirini na mmoja, hadi 2015, katika chumba kilekile cha dirisha lisilofunguka, na kila mwezi Mei walimtaka aandike mwongozo wa usahihishaji wa mtihani mkuu, yaani majibu kamili ambayo wasahihishaji wote, wenye vyeo na majoho, walilinganishia majibu ya wanafunzi. Sikilizeni vizuri. Aliaminiwa kuandika majibu ya mtihani ambao hakuaminiwa kuwa aliweza kuujibu. Akayaandika, mwaka baada ya mwaka, kwa mkono wake, kwenye kurasa za kushoto, na hakuna hata mmoja aliyesema hawezi kusoma.

Miongoni mwa aliowafundisha ni Mkuu wa Idara wa sasa, aliyehitimu umahiri mwaka 1997, aliyekuwa akija nyumbani Jumapili na maswali yake, akala, akafundishwa, akarudi na chakula cha jioni ndani ya bakuli ambalo hatujaliona tena. Alipoteuliwa kuwa Mkuu mwaka 2016, barua ya Agosti ilimfikia yeye, na walipokutana kwenye korido alimshika shangazi bega, akasema, "Mwalimu, hayo mambo ya zamani bado tu? Kwanza hakuna kitu pale, kilishachomwa, na hata kingekuwepo, nani ana muda?" Shangazi alirudi nyumbani, akanawa bega. Binti yake alimwona. Aliinama kwenye beseni la nyuma, akalisugua bega kwa sabuni ya kufulia, juu ya blauzi.

Alianza kuumwa mwezi Julai 2023, tumbo na mgongo, na tarehe 19 Septemba 2023 madaktari wakathibitisha kwamba ni saratani ya kongosho, wakamweleza ukweli wote kama alivyotaka, naye akauliza maswali mpaka daktari kijana akakaa chini. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho kuanzia tarehe 26 Februari 2024, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, na hili dirisha lilifunguka.

Tarehe 11 Machi 2024, saa kumi jioni, aliingia wodini karani wa mitihani wa chuo, ambaye alikuwa mwanafunzi wake wa sekondari, akiwa na mfuko wa nailoni, akatoa ndani yake kijitabu cha rangi ya majivu kilicholiwa kona moja na mchwa. Stoo ya mitihani ilikuwa inahamishwa ili ipakwe rangi, mafurushi ya miaka ya themanini yakakutwa chini ya meza zilizovunjika, na karani alipomwuliza Mkuu wa Idara kama anaweza kumpelekea mwenyewe, akajibiwa, bila Mkuu kuinua macho kwenye simu yake, "Mpe tu, takataka hizo, Ijumaa tunachoma." Kilichoteketezwa mwaka 1991 kwa mhuri na saini kilifika mikononi mwake baada ya miaka thelathini na saba, miezi minane na siku ishirini na nne tangu alipokikabidhi.

Hakukifungua palepale. Alikilaza kifuani, akaomba achanwe nywele kwanza. Alipokifungua, baba yangu akiwa pembeni, waliona ukurasa wa kulia wa nne, mahali alipokuwa amejaribu swali la pili na kulikata, pameandikwa kwa penseli, miandiko miwili. Wa kwanza unasema, "Upande wa pili kuna majibu kamili, mazuri sana. Tusome?" Chini yake, mwandiko ambao kila mwanafunzi wa umahiri wa miaka ile anaujua kutoka ubaoni, unasema, "Hapana. Tukimsomea huyu, kesho tutawasomea wote."

Basi waliona. Huo ndio mwisho wa lile tulilojifariji nalo miaka yote, kwamba pengine hawakufungua, pengine hawakujua, pengine ni uzembe wa watu wenye kazi nyingi. Walifungua, wakaona ni vizuri, na mmoja akaandika kwamba ni vizuri, kisha wakageuza uso, wakaandika kumi na tisa, wakanawa maji ya machungwa, wakaenda nyumbani. Huyo wa penseli ya kwanza hatumjui. Kama yu hai, tunamwambia kwamba swali lako lilikuwa zuri, na kwamba ulipaswa kulijibu mwenyewe.

Baba yangu alilia. Alimwambia, "Mdogo wangu, ningekuachia kulia." Naye akamjibu, "Ungeniachia kulia, wewe ndiye ungeandika kushoto, halafu ungefeli useremala," wakacheka, na muuguzi akaja kuwanyamazisha, na ndiye muuguzi huyo aliyeombwa kalamu nyekundu, ile ya kuchorea chati ya homa, akaitoa.

Kwa siku tatu, kuanzia tarehe 12 hadi 14 Machi, saa za asubuhi ambazo maumivu yalikuwa mbali kidogo, shangazi alisahihisha mtihani wake. Alianza kwa upande wa kulia, akaona kumi na tisa ni nyingi, akasema yeye angetoa kumi na saba. Kisha akaja kushoto. Alisoma kama alivyosoma madaftari ya wasichana wake, mstari kwa mstari, kidole chini ya neno, akiweka alama ndogo pembeni, na kwenye swali la tatu akasimama, akasoma mara ya pili, akasema kwa sauti, "Ah, we mtoto." Katika swali hilo, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alikuwa amebadilisha mpangilio wa vikomo viwili, cha kwanza akakifanya cha pili, bila kueleza kwa nini anaruhusiwa, na ingawa jibu lilitoka sawa, sababu haikuwepo. Akajikata alama saba. Binti yake akamwambia, "Mama, si ujiachie tu hizo saba, nani atajua?" Akamtazama juu ya miwani, akasema, "Nitajua mimi. Na hili swali litajua."

Jumla ilikuwa tisini na tatu kwa mia, na umahiri hutolewa kuanzia sitini. Aliiandika chini ya ukurasa wa mwisho wa kushoto, akatia saini, akaweka tarehe, akarudisha kalamu kwa muuguzi, akalala mpaka jioni, na mume wake, ambaye hajawahi kukadiria muda maishani mwake, anasema alilala kama saa sita hivi.

Alifariki dunia tarehe 2 Mei 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, mume na binti wakimshika mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, miezi minane na siku ishirini na tatu.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi ya pili waliomweleza kweli, na wauguzi, hasa mwenye kalamu, inawashukuru majirani waliopika, waliofua, na waliokaa na fundi saa bila kumsemesha, inawashukuru walimu wenzake waliogawana zamu za kukaa naye wodini na wanafunzi wake waliokuja kwa makundi hata tukaishiwa viti, inamshukuru karani wa mitihani aliyebeba mfuko wa nailoni, na inamshukuru kaka yake, aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake, akiwa na miaka sitini na mitatu, akikataa kusaidiwa hata kushika ubao.

Chuo pia kimeleta vitu viwili. Cha kwanza ni shada la maua lenye utepe ulioandikwa Kwa Mwanahisabati Wetu, nalo tumeliweka nje, karibu na bomba, lisinyauke. Cha pili ni karatasi iliyoletwa jana saa kumi na moja jioni, ikiomba kwamba katika historia hii tusome kuwa marehemu alikuwa mhitimu wa umahiri wa Idara hiyo, hivyo tu, sentensi moja, bila barua, bila alama, bila mtu kufungua kitu. Miaka thelathini na saba mlikataa kusoma sentensi zake mbili, leo mnataka sisi tusome moja ya kwenu. Hatutaisoma. Marehemu hakuwa mhitimu wenu wa umahiri. Alihitimu kwenu kwa daraja la kawaida, mwaka 1986, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye vitabu vyenu, na hatutamzika juu ya uongo, hata uongo mzuri, hata wenye utepe.

Kijitabu hakiingii kaburini. Kiko pale, kwenye meza iliyo kando ya jeneza, kimefunguliwa ukurasa wa kwanza wa kushoto, na pembeni yake kuna kiti kimoja. Mkuu wa Idara, uliyeombwa na chuo chako kutoa salamu, familia inakuomba usitoe salamu, uje ukae. Kurasa ni kumi na nane. Sasa ni saa saba na nusu, na msafara unaondoka saa kumi, muda upo. Ukiona alikosea zaidi ya zile saba, uandike ulipoona na uandike sababu, hatutakasirika, yeye angefurahi. Ukimaliza, bakuli letu unalijua.

Wala tusieleweke vibaya, hatufanyi hivi kwa ajili yake. Yeye haombi tena. Agosti hii hakutakuwa na barua.

Shangazi, Mwalimu, Hivyo Basi, pumzika kwa amani, umeshasomwa na mtu anayejua hisabati.